Honi Aliyoizima Dereva

Jina lake silitaji. Palma nzima, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, humwita Dereva, na ukiuliza nyumbani kwa Dereva hakuna atakayekuuliza dereva yupi, ingawa siku hizi kila kijana mwenye leseni anajiita hivyo. Mwenyewe hapendi jina lake litajwe ovyo, na hilo ni jambo la ajabu kwa mtu aliyemaliza umri wake akitaja majina ya wenzake.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule nilikaa mpaka nikajua kusoma namba za vipuri, nikaona zatosha. Nilianza kwa kuokota boliti barabarani na kuziosha kwa mafuta ya taa, leo nina duka na ua wa kutengenezea magari, na hakuna wa kusema alinishika mkono. Nikipita mjini watu huniachia njia. Nayasema haya ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyekuwa akipita vichochoroni, kanzu kaikunja mkononi, asije akakutana na mzee mmoja mwenye Landrova. Wa Palma wanajua sababu. Kwa wasiojua, nitamweleza Dereva kwanza, aibu itajieleza yenyewe.

Ukitaka kumjua Dereva, panda gari lake ukiwa na haraka. Kila kijiji alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaanza: Atumane wa Fatima, mguu umepona? Zainabu wa Mwanaisha, mhogo hamjang'oa tu? Anatajwa huyu, anatajwa yule, mpaka abiria mwenye mgonjwa Mocímboa anaanza kupiga bodi kwa ngumi. Hakumwita mtu kwa baba yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawadhalilisha wanaume wa watu. Akanijibu kwamba mambo ya akina baba yeye hayajui, lakini akina mama ndio waliopanda gari lake na matumbo kwenda hospitali wakarudi na watoto, na hayo aliyaona kwa macho yake.

Na alikuwa na neno lake moja. "Hakuna kitu." Moshi ukitoka chini ya boneti, hakuna kitu. Breki zikilia kama mbuzi, hakuna kitu. Wakati mmoja tulikuwa tunashuka kilima, gurudumu la nyuma likachomoka, likatupita, likatangulia barabarani peke yake. Abiria wakaanza kusoma wanachokijua. Landrova ikakwaruza chini, ikasimama ubavu. Dereva akalitazama lile gurudumu linavyokwenda, akasema, "Hakuna kitu. Linaijua njia." Tulilikuta mbele, limelala kwenye shamba la kunde.

Muongo alikuwa muongo. Alidai aliwahi kupanda mpaka Mueda kinyumenyume kwa sababu gia za mbele zilikataa, na kwamba shingo yake ilibaki imepinda mpaka Ramadhani. Ukimwambia haiwezekani, anakugeuzia shingo uitazame. Alidai pia kuwa Landrova yake, ile ya kijani iliyopauka kama jani la mhogo, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya minazi, ilipata kuposwa na tajiri mmoja wa Pemba, Pemba yetu ya huku, si ile ya kisiwani, akakataa kwa kuwa posa haikuletwa na wazee. Na mtu huyu wa pwani, aliyelala maisha yake yote akisikia bahari, alikuwa anaogopa maji. Chomboni haingii. Pweza hali, anasema anamtazama. Mvua ikijaza madimbwi barabarani, anateremka kwanza kupima kwa fimbo, na abiria wanacheka, naye anawaambia anayetaka kuogelea ateremke.

Alipenda kujisifu kwa mambo ya uongo. Ya kweli sikumsikia akiyasema, na hapo ndipo nilipopotea.

Siku za kukimbia, vijiji vilipokuwa vikichomwa moto, mimi sikuwepo. Mambo yalipoanza kuharibika nilipakia duka langu lote, nikavuka Ruvuma, nikakaa Mtwara kwa shemeji yangu mpaka hali ikatulia. Nilijiona mwenye akili, na nilijivunia akili hiyo barazani. Niliporudi nikamkuta Dereva yupo, gari lipo, kazeeka zaidi. Nikamuuliza alijificha wapi. Akasema alikuwa anazunguka. Nikadhani anazunguka kutafuta abiria, kama zamani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika katika lile gari. Honi ilikuwa kimya. Na honi ya Dereva, kwa asiyeijua, ilikuwa jina lake la pili. Mlio mrefu, miwili mifupi, mrefu tena. Asubuhi ukiisikia unajua gari limefika kituoni, mama anafunga kikapu cha samaki wakavu, mwanafunzi anatafuta kiatu. Watoto waliiimba. Sasa mbuzi akisimama barabarani Dereva alitoa mkono dirishani, akapiga mlango kwa kiganja, pa, pa. Nikimuuliza honi ina nini, anasema imekufa. Nikimwambia nina honi mpya dukani, anasema mwache marehemu apumzike.

Basi, tukaanzisha klabu. Wazo lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu wa Mtwara aliyehamia kwetu, mwenye Foksi ile ya mgongo wa kobe aliyoipaka rangi ya maziwa. Mimi nina Pijo ya zamani, nimeifufua mwenyewe kutoka kwenye banda la kuku. Wakajitokeza na wengine wawili watatu. Klabu ya Magari ya Zamani, mwenyekiti mimi, maana nani mwingine. Jumapili tunayasugua kwa mafuta ya nazi, tunazunguka mji, vijana wanapiga picha. Na tukakubaliana kwamba klabu bila Landrova ya Dereva ni harusi bila bibi harusi. Tukamwita. Akaja, akatazama magari yetu yanavyong'aa, akaniuliza kama haya tunayaendesha au tunayala.

Mtu wa Mtwara akaona kwenye simu yake watu wa magari ya zamani huko kwao wanakwenda porini na mahema, wanalala huko siku mbili, wanachoma nyama, wanarudi. Akasema na sisi tufanye kampismu. Nikapenda. Dereva alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. Akamuuliza, "Wewe Mtwara, nyumba yako inavuja?" Lakini kijiji tulichokichagua, upande wa barabara ya Awasse, kilikuwa kijiji chake, pale anapowekewa chakula bila kuagiza. Akasema atakuja, atalala ndani ya Landrova, hema ni la wagonjwa wa kipindupindu.

Ruhusa tuliomba kote, kwa wakubwa na kwa askari. Mwisho nikaenda mwenyewe kwa shefe, mkuu wa kijiji, na sukari na majani ya chai. Ni mtu mdogo kwangu kwa umri, mpole, sauti yake unaitegea sikio. Alinionyesha uwanja karibu na mpunga. Akaniambia maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Mzee, watu wangu ndiyo kwanza wanafungua mizigo. Wapo ambao furushi bado limefungwa, liko nyuma ya mlango. Mpunga huu ukiingia ndani, watu wamebaki. Njooni, lakini njooni polepole."

Nikampa neno langu. Nikamwambia mimi ni mwenyekiti, na anayenijua anajua.

Kabla ya safari Dereva aliiacha Landrova uani kwangu ipakwe grisi. Nikamwambia fundi wangu wa umeme atazame ile honi, iwe zawadi ya klabu, tumshangaze mzee. Fundi akaniita. Honi ilikuwa nzima kabisa. Waya ulikuwa umekatwa, umekatwa kwa kisu kikali, na ncha zake zimefungwa kitambaa, zikazungushiwa uzi, vizuri, kama unavyofunga kidole cha mtoto. Mimi vyuma na nyaya ndiyo maisha yangu. Najua kilichokatika na kilichokatwa. Nililitazama fundo lile nikasema, unganisha.

Tulifika kijijini baada ya adhuhuri, polepole kama nilivyoahidi. Dereva mbele, kichwa dirishani, anataja majina. Mama mmoja mwenye umri, Atija, ambaye ndiye anayemwekea chakula, akamtania kwamba safari hii amekuja na maharusi wake wamepakwa mafuta. Wakatucheka, tukacheka. Tukasimamisha mahema. Watoto wakawa wanaingia na kutoka ndani yake. Atija akabandika sufuria ya kunde, akanionyesha mpunga, akasema huu ndio wa kwanza watakaoula wenyewe. Nakumbuka niliona raha, nikajiona kama mimi ndiye niliyeuotesha.

Alasiri ilipoingia, Dereva alichukua kopo akaenda kisimani kutawadha. Mtu wa Mtwara akanikonyeza. Akasema mwenyekiti, sasa ndiyo wakati, mlize marehemu. Nikaingia kwenye Landrova, nikakaa kwenye kiti chake ambacho hakuna anayekikalia. Nikafikiri watu watafurahi, watakuja mbio kama zamani, akina mama na vikapu vyao. Nikaipiga. Mrefu, miwili mifupi, mrefu.

Hakuna aliyepiga kelele. Kama wangepiga kelele ningeelewa mapema. Mchi ulikuwa juu, ukawekwa chini. Atija alikuwa anapuliza moto, akainuka, akamshika mtoto aliyekuwa karibu, si wake, akaenda. Watu wakatoka milangoni na mafurushi yao tayari kichwani, wazee wameshikwa mikono, na kila mmoja anajua njia yake, huyu huku, yule kule. Watoto waliokuwa kwenye hema letu walitoka kwa nyuma, wakatambaa chini ya turubai. Nilikuwa bado nimeshika usukani na kijiji hakina mtu. Kuna redio inaongea peke yake. Kunde za Atija zinafoka, zinamwagikia motoni.

Mtu wa Mtwara akauliza, kwa sauti ya chini, wamekwenda wapi. Yeye alidhani wamekwenda kujipamba.

Dereva akaja kutoka kisimani, miguu inachuruzika maji. Alitazama uwanja, akanitazama mimi kwenye kiti chake. Kitu cha kwanza alichofanya alikwenda jikoni kwa Atija, akaiepua sufuria kwa kanga iliyokuwa pale, akaiweka pembeni. Halafu akavua kofia, akaenda mpaka mwisho wa mpunga, pale vichaka vinapoanza, akasimama wazi, mikono ikionekana.

"Atija wa Zaituna," akaita. "Ni mimi. Toka. Hakuna kitu."

Akaenda mbele kidogo.

"Saide wa Mwanaisha, na mkeo, na bibi. Tokeni. Hakuna kitu. Ni ujinga wa watu wa mjini."

Akawa anazunguka hivyo, kichaka kwa kichaka, jina kwa jina. Wakati huo shefe alikuwa ametoka wa kwanza, kasimama karibu na Pijo yangu, anapangusa miba kwenye shati. Ndiye aliyenieleza, bila kupandisha sauti, kwamba siku zile Dereva alikuwa akipita na Landrova kijiji kwa kijiji mbele ya hatari, anapiga honi ile, watu wanatoka anawabeba. Asiyewahi gari anajua, honi ikilia, akimbie. Anarudi tena anabeba wengine. Palipotulia, watoto wakawa wakisikia honi ya gari lolote wanajikojolea, naye akakata waya wa kwake.

Kisha akaniuliza jambo moja, kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua desturi za wenzake. "Mzee, kwani nyinyi kulala nje mnapenda?"

Nimetukanwa sokoni, nimetukanwa na askari wa forodha, sijapata kuumia vile.

Walirudi. Mmoja mmoja walitoka, majani kwenye nywele. Atija alitoka na yule mtoto, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akaona imeepuliwa, akakaa chini akalia. Hatukuthubutu kumsogelea. Nyumba moja haikurudi. Mzee mmoja na mke na wajukuu walishika njia ya Awasse, na, kama nilivyokuja kusikia baadaye sana, kesho yake wakatuma mtu kuchukua mikeka. Wengine nao, shefe alisema, hawatafungua furushi kwanza, watatazama. Mpunga ulikuwa bado kijani.

Tulikunja mahema jua lingali juu. Nilirudi na Dereva, maana Pijo yangu nilimpa mwanaklabu mmoja aliyekuja bila gari, mimi usukani sikuutaka tena. Njia nzima hakumsalimia mtu. Watu waliosimama pembeni walinyanyua mikono, wakaishusha. Tulipokaribia mjini aliniuliza, "Siku zile ulikuwa wapi?"

Nikasema, Mtwara.

Akasema, "Basi."

Hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa jibu la mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta ndani ya injini. Akanishusha mlangoni kwangu. Asubuhi yake fundi wangu akaniambia amepita Dereva, kaazima kisu, kakata waya mbele yake, kaufunga kitambaa, kasema ahsante.

Tangu hapo nikawa mtu wa vichochoro. Msikiti nilihama, nikawa nasali ule wa pili, nikidanganya kwamba magoti yanauma na ule uko karibu. Klabu sikuivunja wala sikuiitisha, magari yakala vumbi. Landrova ikija dukani namwambia kijana wa kaunta nimelala. Mjini watu waliendelea kuniachia njia, lakini nilianza kusikia wanavyonyamaza nikipita, na kuninyamazia si sawa na kuniheshimu. Wakati mwingine nilijitetea moyoni: sikujua, hakuniambia, nani angejua. Halafu nalikumbuka lile fundo. Kuna mtu wa kufunga kitambaa kitu kilichokufa?

Kilichonisumbua hasa ulikuwa mpunga. Kila niliposikia mvua usiku niliuwaza. Kila aliyetoka upande wa Awasse nilimzungukia kwa maneno mengine, hali ya barabara, bei ya mahindi, nikitaka kusikia kama kile kijiji kina watu. Hakuna aliyejua, au walijua wakanibania.

Miezi ikapita. Juzi juzi nilikwenda Quitunda kuhani, mteja wangu wa zamani kafiwa na mama. Nyumba za kule ni za matofali, zimepangwa mstari, na nilipokuwa natoka matangani nikaona mbele yangu, karibu na mashine ya kukoboa inayofuatwa na vijiji vya mbali, ile rangi ya jani la mhogo. Mlango una kamba. Sikufikiri. Nilijibanza nyuma ya ukuta ambao haujamalizika, kando ya rundo la matofali, mtu wa umri wangu, na ndevu zangu nyeupe, nikakunja kanzu isionekane.

Kupitia tundu la ukuta niliona Landrova imebebeshwa magunia mpaka imeinama. Atija alikuwa ameketi juu yake, miguu inaning'inia, na wengine niliowakumbuka sura. Mmoja alishusha gunia, likavuja kidogo pembeni, nikaona mpunga. Wa dhahabu, mkavu. Ulikuwa umeivia mikononi mwao. Nilishika ukuta.

Nadhani nilisogea, tofali likaanguka.

Dereva aligeuka. Alitazama upande wangu, shingo ile kaipinda. Akavua kofia. Akaja hatua chache, akasimama wazi pale uwanjani, mikono ikionekana, akaniita. Aliniita kwa jina langu, halafu jina la mama yangu, ambalo sijalisikia kinywani mwa mtu tangu tumzike. Watu wote wa mashineni wakageuka.

"Toka," akasema. "Hakuna kitu."

Nilitoka. Kanzu ilikuwa imejaa vumbi la saruji, na jicho langu sikuweza kulinyanyua kutoka kwenye miguu yake. Atija akauliza kule juu ya magunia, "Ndiye huyu wa honi?"

"Ndiye."

Akanitazama vizuri, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akasema, "Mpe lile dogo basi, asije akavunjika kiuno tukaambiwa ni sisi."

Wakacheka, si sana. Dereva akashika gunia upande mmoja, akaningoja nishike upande wa pili.